Mnyama anayekimbia katika chapa ya lino: mwendo hutoka wapi?

Mchapaji wa Arusha ameuliza:

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Naomba ushauri wenu kuhusu uchongaji wa chapa za lino, yaani kuchonga picha kwenye kipande cha lino, kukipaka wino na kukikandamizia karatasi. Ninachonga wanyama wa porini kwa rangi moja tu, wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, na wanaonivutia zaidi ni nyumbu, duma na twiga. Mnyama aliyesimama au aliyejilaza hanipi taabu. Taabu huanza pale ninapotaka akimbie. Huwa ninachukua picha ya kamera iliyo safi, ninanakili ukingo wa mwili kwa uangalifu, ninachonga manyoya kisha ninachapa, na kila kiungo huwa mahali pake ila mbio zenyewe hazipo. Mnyama huonekana kana kwamba ameninginizwa hewani. Nimejaribu kuchonga mistari mirefu nyuma yake ili kuonyesha kasi, lakini mtazamaji huisoma kuwa ni nyasi au mvua.

Ningependa kujua kutoka kwa wenye uzoefu kama tatizo limo katika mkao wa mnyama ninaouchagua au katika namna ya kuchonga. Vilevile, vumbi, ambalo kwa kundi la nyumbu ni nusu ya habari yote, litachongwaje katika kazi isiyo na kijivu, ambamo kila sehemu ama imeshika wino ama haikushika? Na je, kuongeza rangi kunasaidia mwendo, au kunazidi kumgandisha mnyama?

Mpiga Picha wa Nyika amejibu:

Ndugu Mchapaji, mimi si mchongaji, lakini nimekaa miaka mingi nikiwapiga picha wanyama wanaokimbia. Nitajibu upande wa mkao, maana naamini sehemu kubwa ya tatizo lako imeanzia kwenye picha kabla hata patasi haijagusa lino.

Kwa muda mrefu wachoraji wa Ulaya walimchora farasi anayekwenda shoti akiwa amenyoosha miguu ya mbele mbele kabisa na ya nyuma nyuma kabisa, yote minne ikiwa hewani. Mchoraji Mfaransa Théodore Géricault alichora hivyo mbio za farasi za Epsom, Uingereza, mwaka 1821, na hakuna aliyeona ajabu. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga msururu wa kamera kando ya njia ya farasi, na picha zake zikaonyesha kwamba farasi huiacha ardhi kwa miguu yote minne pale miguu hiyo inapokuwa imekusanyika chini ya tumbo, si pale inapokuwa imenyooshwa. Punda milia ni wa jamii moja na farasi na hukimbia vivyo hivyo. Ukimchonga amejinyoosha hewani, mtu aliyekulia karibu na mbuga atahisi kuwa kuna jambo haliko sawa, hata kama hawezi kulitaja.

Duma ni habari nyingine kabisa. Katika kila hatua ya mbio zake huiacha ardhi mara mbili: mara moja akiwa amejikunja, mgongo umepinda kwenda juu na miguu ya nyuma imepita mbele ya ile ya mbele, na mara ya pili akiwa amejinyoosha, mgongo umebonyea na miguu imetupwa pande zote mbili. Uti wake wa mgongo ndio unaorefusha hatua, na mkia mrefu humsaidia kutoanguka anapokata kona ghafla kumfuata swala. Kwa hiyo duma anayenyooka kama ubao kutoka puani hadi mkiani, huku mgongo ukiwa hauna mpindo wowote, hatakimbia hata ukimwekea mistari mia moja nyuma yake. Anza na mgongo. Chora mpindo mmoja wa uti wa mgongo na mwingine wa mkia, uone kama mipindo hiyo miwili peke yake inakwenda mbio, kabla hujaongeza madoa hata moja.

Twiga naye huharibiwa na shingo. Wengi humchonga anayekimbia kwa kuazima shingo ya twiga anayekula majani ya mgunga, wima kabisa, kisha wanaongeza miguu yenye mbio chini yake. Twiga anayekwenda shoti huitupa shingo mbele na kuirudisha nyuma kila hatua, na miguu yake ya nyuma hutua nje ya ile ya mbele na kuipita. Ilaze shingo kwa mbele, panua miguu ya nyuma, na utaona mwili mzima umepata uzito unaotaka kuanguka mbele. Tembo, kwa upande wake, hainui miguu yote minne kwa pamoja hata anapokuwa na kasi kubwa, kwa hiyo mwendo wake uutafute kwenye masikio, mkonga na kichwa, lakini mguu mmoja angalau ubaki umekanyaga chini. Yupo pia swala tomi, ambaye hurukaruka akiwa ameikakamaza miguu yote minne. Yeye kuninginia hewani ndio ukweli wake.

Sasa kuhusu wakati gani uuchague. Picha za kamera zinazopendwa na watu, na bila shaka ndizo unazonakili, huwa zimenasa kilele cha mruko, pale mnyama alipofika mwisho wa kunyooka. Ni picha nzuri, lakini kileleni hakuna jambo linalokaribia kutokea. Mimi ningechagua nukta iliyo kabla yake au baada yake, hasa ile ambayo mguu mmoja wa mbele umebeba uzito wote na kifua tayari kimeupita. Mwili uliopita mguu unaoubeba hauwezi kubaki hivyo, na mtazamaji huumalizia mwendo mwenyewe.

Mwalimu wa Uchapaji amejibu:

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu mkao, hasa alichosema juu ya mgongo wa duma. Lakini hata mkao sahihi kabisa hufa ukichongwa vibaya, na kwa maelezo yako, Ndugu Mchapaji, naona mambo mawili yanayoua mwendo: mstari wa ukingo unaomzunguka mnyama mzima bila kukatika, na manyoya yaliyochongwa kufuata picha badala ya kufuata nguvu ya mwili.

Kwanza tuielewe lino yenyewe. Hutengenezwa kwa mafuta ya kitani yaliyogandishwa, unga wa koki na utomvu wa misonobari, vikakandamizwa juu ya kitambaa cha juti. Frederick Walton aliibuni Uingereza katika miaka ya 1860 ili iwe kifuniko cha sakafu, na kwa wasanii faida yake kubwa ni kwamba haina nyuzi. Mbao hukulazimisha kufuata nyuzi zake, ilhali lino huiachia patasi iende kokote na kupinda popote kwa ulaini uleule. Maana yake ni kwamba mwelekeo wa kila mkato ni uamuzi wako, na mtazamaji anausoma uamuzi huo. Patasi ya umbo la V ikiingia polepole, ikizama, kisha ikanyanyuliwa, huacha alama inayoanza nyembamba, ikanenepa, ikamalizika kwa ncha. Alama hiyo peke yake tayari ina mwendo ndani yake. Ukichonga alama fupi zilizo sawa kwa urefu na unene mwili mzima, umepata ngozi, na ngozi haikimbii.

Tuchukue nyumbu. Uzito wake uko mabegani. Kiuno na mapaja ni membamba, na akikimbia kichwa hukaa chini kuliko mabega. Anza mikato mirefu juu ya nundu ya bega, ishushe ikizunguka bega kuelekea kifuani, na hapo ndipo patasi izame zaidi. Kisha chukua mikato mingine kutoka ubavuni kwenda nyuma, ikilegea na kupungua kadiri inavyofika kwenye paja, na mitatu au minne kati yake uiache ipite nje ya mwili kabisa, juu ya nyonga, mpaka iingie kwenye weupe wa nyuma. Hiyo ndiyo mistari ya kasi uliyoitafuta. Tofauti yake na ile uliyoichonga ni kwamba hii imezaliwa ndani ya misuli ya mnyama, kwa hiyo jicho linaamini kuwa yeye ndiye aliyeiacha nyuma. Mistari iliyoanzia hewani, nyuma ya mkia, haina mwenyewe, na ndiyo sababu inasomeka kuwa mvua.

Kuhusu ukingo: uwe mkali upande wa mbele, yaani puani, kifuani na kwenye goti linalotangulia, lakini upande wa nyuma uufungue. Acha weupe wa paja uungane na weupe wa vumbi bila mstari wowote kati yao. Usiogope kwamba mtazamaji atapotea. Akishaona pembe, ndevu na bega la nyumbu, paja atalijaza mwenyewe. Kwato pia zisilingane kwa uwazi. Ule mguu uliobeba uzito uchonge kwa ukamilifu hadi kwenye ufa wa kwato, na mingine mitatu uipe mikato michache tu.

Vumbi halihitaji kijivu, kwa sababu jicho hutengeneza kijivu kutokana na ukubwa wa alama na nafasi zilizo kati yake. Chukua patasi ya umbo la U, ile nyembamba, uchonge vidonoa vifupi vilivyosongamana karibu na kwato, kisha uvipunguze na kuviachanisha kadiri vumbi linavyopanda. Vumbi huanzia nyuma ya mguu na kubaki nyuma, halimtangulii mnyama. Katika kundi, yule wa mbele apate mwili karibu wote, na wa nyuma yake wapate pembe na migongo tu. Nimeona chapa nyingi za uhamaji wa nyumbu ambamo kila mmoja amechongwa kikamilifu hadi kwato ya mwisho, na kundi zima likasimama.

Jambo moja la mwisho, ambalo wanafunzi wengi hulidharau. Unapoondoa lino ya mandharinyuma, patasi huacha matuta membamba ambayo hushika wino na kutokea kwenye karatasi. Wapo wanaoyasafisha yote hadi pabaki peupe kabisa. Ushauri wangu ni kuyaelekeza badala ya kuyafuta: ondoa mandharinyuma kwa mikato inayofuata njia ya mnyama, na karibu na kichwa izungushe kidogo kama hewa inayopasuliwa. Ukiyaacha yaende ovyo, yatapingana na mbio ulizozijenga.

Msanifu Kurasa amejibu:

Naheshimu sana maelezo ya Mwalimu, ila kuna jambo limesahaulika, nalo ni kwamba chapa hugeuza upande. Mnyama aliyechongwa akielekea kushoto kwenye kibao, yaani kipande cha lino kinachochongwa, atatokea akielekea kulia kwenye karatasi. Sisi tunaosoma kwa herufi za Kirumi macho yetu yamezoea kwenda kushoto hadi kulia, kwa hiyo mnyama anayekimbilia kulia huonekana kwenda na mkondo, na anayekimbilia kushoto huonekana kushindana nao. Pande zote mbili zina matumizi yake: duma anayefukuza ningempeleka kulia, na swala anayegeuka ghafla kujiokoa ningemrudisha kushoto. Lakini uamuzi huo ufanyike kabla ya kunakili mchoro kwenye lino.

Pia sikubaliani na ile kanuni ya kumwachia mnyama nafasi kubwa mbele yake ili awe na mahali pa kukimbilia. Kanuni hiyo ni ya picha za kamera zaidi. Kwenye chapa ndogo, nafasi kubwa mbele humfanya aonekane yuko mbali na safari yake. Jaribu kumkata kwa ukingo wa kibao, sehemu ya paja au mkia ibaki nje ya picha, au pua ikaribie kabisa ukingo wa mbele. Ukingo wa kibao unakuwa sehemu ya kasi.

Mchapaji wa Arusha amejibu:

Nawashukuru wote kwa moyo wa dhati. Maelezo kuhusu mistari inayoanzia ndani ya misuli yamenifungua macho, na nimeanza kumchora upya nyumbu mmoja kwa kuanzia begani. Bado ninaomba mwongozo kuhusu rangi. Nina rola moja, sina mashine ya kukandamizia, na lino halisi ninaipata kwa shida. Je, katika hali hiyo inafaa kujaribu rangi mbili au tatu?

Mwalimu wa Uchapaji amejibu:

Inafaa sana, na ukosefu wa mashine usikuvunje moyo. Claude Flight, aliyefundisha chapa za lino katika shule ya sanaa ya Grosvenor School mjini London kuanzia mwaka 1926, aliichagua lino kwa sababu ilikuwa rahisi kupatikana, na alipendekeza hata patasi iliyotengenezwa kwa ufito wa mwavuli. Yeye na wanafunzi wake walijishughulisha hasa na kasi: mabasi, treni, wapiga makasia, pikipiki. Cyril Power alichapa wapiga makasia wanane mwaka 1930, na Sybil Andrews alichapa farasi wa mashindano wakikata kona mwaka 1934. Ukizitazama kazi hizo utaona kwamba hawakutumia kibao cha mwisho cheusi chenye mistari ya ukingo. Maumbo ya rangi yenyewe, yaliyopinda na kurudiwarudiwa, ndiyo yaliyobeba mwendo. Kwa swali lako kama rangi itamgandisha mnyama, jibu langu ni kwamba itamgandisha ukiitumia kujaza nafasi kati ya mistari myeusi, lakini haitamgandisha ukiiacha iwe umbo linalojitegemea.

Kwa wanyama hasa, mtazame Norbertine Bresslern-Roth wa Graz, Austria, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1978. Chapa zake za lino za rangi zimejaa wanyama wanaorukiana, wanaokimbia na wanaopigana, na mwaka 1928 alisafiri hadi Afrika Kaskazini. Binafsi ninamwona kuwa mwalimu bora kuliko wote katika jambo hili, kwa sababu hapambi mnyama. Anachagua maumbo machache makubwa na kuyaacha yasukumane. Na ukitaka kuona jinsi nyeusi na nyeupe pekee zinavyotosha, mtafute John Muafangejo wa Namibia, aliyesoma katika kituo cha sanaa cha Rorke's Drift huko Afrika Kusini. Mikato yake iko wazi kiasi kwamba unaweza kufuata mkono wake ulikoanzia na ulikoishia.

Kwa kuwa lino ni ya shida kwako, tumia njia ya kibao kimoja kinachochongwa kwa hatua, ile ambayo mchoraji Picasso aliitumia kule Vallauris, Ufaransa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Unachonga sehemu zitakazobaki nyeupe, unachapa karatasi zote kwa rangi hafifu kabisa, kisha unachonga zaidi kwenye kibao kilekile na kuchapa rangi nzito juu yake. Kibao huisha kadiri kazi inavyoendelea na huwezi kurudi nyuma, kwa hiyo idadi ya karatasi iamuliwe siku ya kwanza, na uongeze kadhaa za akiba kwa zile zitakazoharibika.

Hapa ndipo rangi inapoweza kukusaidia kwa namna ambayo nyeusi peke yake haiwezi. Rangi ya kwanza, tuseme ya udongo hafifu, usiichonge kwa umbo la mnyama mmoja. Ichonge kama eneo pana linalobeba mikao miwili ya mguu uleule, pale ulipokuwa na pale ulipo sasa, pamoja na njia iliyo kati yake. Rangi ya pili ipunguze eneo hilo kuelekea mkao wa sasa. Nyeusi ya mwisho ionyeshe mkao mmoja tu, tena kwa upande wa mbele zaidi kuliko wa nyuma. Mguu uliopita unabaki kwenye karatasi ukiwa hafifu, na jicho linaufuata hadi kwenye mguu wa sasa. Kwa duma, fanya hivyo kwenye mkia na miguu ya nyuma, na kichwa kibaki na umbo moja tu, kwa sababu akifukuza, kichwa chake hutulia huku mwili ukifanya kazi yote.

Kuhusu vifaa, kandamiza karatasi kwa mgongo wa mwiko, ukizungusha polepole na kuinua kona moja ya karatasi kuona kama wino umeshika. Bandika vipande viwili vya kadibodi kwenye kona ya ubao wa chini ili kibao na karatasi vikae palepale kila rangi. Wino wa mafuta hukauka taratibu, kwa hiyo subiri siku kadhaa kati ya rangi na rangi, na uupake mwembamba, maana ukizidi utajaza mikato myembamba ya begani uliyoihangaikia. Wino wa maji nao hukauka haraka mno juu ya rola mchana wa joto, basi utumie asubuhi mapema. Lino ikiwa ngumu kwa baridi ya Arusha, iache juani dakika chache kabla ya kuchonga ili patasi isiimeguemegue. Usinunue kapeti ya plastiki ya sakafuni ukidhani ni lino. Haichongeki vivyo hivyo. Na kabla ya kuanza hatua ya mwisho, ile ya nyeusi, chapa nakala moja ya hatua iliyotangulia kwenye karatasi ya bei nafuu, uchore juu yake kwa kalamu nyeusi sehemu unazokusudia kuziacha. Kama mnyama tayari anakimbia kwa rangi mbili, iweke nyeusi kichwani, begani na kwenye mguu unaokanyaga, na kwingine kote uichonge itoke.